Wizi mdogo wa dukani hauui dili la nje, uongo kwenye fomu ndio unaoua

SAFARI ya mwanasoka wa Mafia kwenda kucheza nje ya nchi ina vituo vingi. Kuna viwanja vya mchanga vya Kilindoni, Kirongwe na Utende. Kuna boti ya kuvuka hadi Nyamisati, basi la kwenda Dar es Salaam, majaribio, ligi za madaraja ya chini na, kwa mwenye bahati, jezi ya timu ya Ligi Kuu. Vituo vyote hivyo shabiki anavijua. Kipo kimoja asichokiona, nacho kinaweza kumrudisha kijana kisiwani na begi lake mgongoni: fomu ya maombi ya viza ya kazi.

Ndani ya fomu hiyo, baada ya jina, namba ya pasipoti na klabu anayokwenda, kuna swali linalotaka jibu la ndiyo au hapana. Maneno yanatofautiana kati ya nchi na nchi, lakini maana haiko mbali. Je, umewahi kukamatwa, kushtakiwa, kutiwa hatiani au kupewa adhabu kwa kosa lolote?

Kwa wengi swali hilo ni la kupita tu. Lakini mchukue straika wa miaka 21 ambaye, alipokuwa na miaka 16, alitoka dukani na njumu alizokuwa hajazilipia. Mwenye duka akapiga kelele, watu wakajaa, mjomba akaja akalipa, wazee wakasema yaishe, yakaisha. Miaka mitano baadaye klabu ya nje imemwona, mkataba umeandaliwa na dirisha la usajili linafungwa baada ya siku kumi. Kalamu iko mkononi. Anaandika nini?

Kijiweni jibu ni la haraka: "Andika hapana bwana, nani atajua mambo ya Mafia?" Jibu hilo ni hatari kuliko wizi wenyewe, na sababu zake ziko wazi kwa anayejua namna fomu hizo zinavyosomwa.

PAUNI 80 ZA GLEN JOHNSON

Anayedhani mambo ya kuchomoa vitu dukani ni ya vijana wasio na kitu amkumbuke Glen Johnson. Januari 2007, beki huyo wa kulia wa Chelsea alikuwa Portsmouth kwa mkopo. Yeye na Ben May wa Millwall wakaingia matatani katika duka la vifaa vya ujenzi la B&Q mjini Dartford, England, wakidaiwa kutaka kutoka na kiti cha choo bila kukilipia inavyotakiwa. Polisi wakaitwa, na kila mmoja akatozwa faini ya papo kwa papo ya pauni 80. Hakukuwa na kesi, hakimu wala jela. Magazeti ya England yalicheka sana, maana mtu mwenye mshahara wa Ligi Kuu England alikuwa amekamatiwa kiti cha choo.

Maisha yakaendelea. Mwaka huohuo Portsmouth ikamnunua moja kwa moja. Mei 2008 akabeba Kombe la FA katika fainali iliyoamuliwa na bao la Kanu Nwankwo dhidi ya Cardiff City. Mwaka 2009 akahamia Liverpool, kisha akaichezea England katika Kombe la Dunia 2010 Afrika Kusini na 2014 Brazil.

Kwa sheria ya England, faini ya aina ile si kutiwa hatiani. Ukilipa, mambo yanaishia hapo. Lakini Johnson ni Mwingereza, na kucheza kwao hakuhitaji viza. Mtanzania aliyepewa karatasi ileile ya pauni 80, siku akiomba viza ya kazi ya Uingereza, atakutana na sehemu ya fomu inayotaja hukumu, onyo la polisi, karipio na adhabu nyinginezo. Karatasi yake imo humo. Akisema "sikufungwa, kwa hiyo hainihusu", amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hapo ndipo penye somo la kwanza. Fomu haiulizi kama mtu alifungwa. Inauliza kilichotokea, na kila neno lililoandikwa pale lina kazi yake.

BANGILI YA BOGOTA

Kesi ya dukani iliyotikisa soka kuliko zote ni ya Bobby Moore. Mei 1970, England iliyokuwa bingwa wa dunia ilikuwa Amerika Kusini ikijiandaa kwa Kombe la Dunia la Mexico. Mjini Bogota, Colombia, timu ilikaa katika Hoteli ya Tequendama. Nahodha Moore na Bobby Charlton waliingia kwenye duka la vito la hotelini humo, Charlton akimtafutia mkewe zawadi. Walipotoka, mhudumu akadai bangili imepotea na kidole kikamwelekea Moore.

England iliichapa Colombia 4-0, ikaenda Ecuador na kushinda 2-0. Iliporudi kupitia Bogota, Moore akakamatwa. Wenzake wakaruka kwenda Mexico bila nahodha, yeye akabaki chini ya ulinzi kwenye nyumba ya kiongozi wa soka wa Colombia. Siku chache baadaye akaachiwa kwa kukosekana ushahidi wa kutosha, akaiwahi timu Guadalajara, na Juni 7 akacheza dhidi ya Brazil mechi ambayo hadi leo inatajwa kuwa kati ya bora za beki yeyote kwenye Kombe la Dunia. Picha yake akibadilishana jezi na Pele ilipigwa siku hiyo. Kesi ya bangili ilikuja kufungwa baadaye, na Moore hakuwahi kutiwa hatiani.

Turudi kwenye fomu sasa. Moore hakuhukumiwa, lakini alikamatwa. Fomu ya viza ya Marekani haiulizi hukumu peke yake. Inauliza kama mwombaji amewahi kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama baadaye alisamehewa. Mtu mwenye historia kama ya Moore, asiye na hatia kabisa, akiulizwa swali hilo leo jibu lake la kweli ni "ndiyo", likifuatiwa na maelezo. Na "ndiyo" haifungi mlango. Moore mwenyewe alikuja kucheza soka la kulipwa Marekani, San Antonio Thunder mwaka 1976 na Seattle Sounders mwaka 1978.

Wapenzi wa kikapu nao wana la kukumbuka. Novemba 2017, LiAngelo Ball na wenzake wawili wa Chuo Kikuu cha UCLA walikamatwa Hangzhou, China, kwa wizi wa madukani. Suala lile lilifika hadi kwa marais wa nchi mbili kabla ya vijana kuruhusiwa kurudi Marekani. Ball akaondoka UCLA, na Januari 2018 alikuwa Lithuania akicheza kikapu cha kulipwa. Dunia nzima ilijua alichofanya, na bado alipata pa kufanyia kazi ughaibuni.

SULHU YA KISIWANI INA SURA NNE

Wachezaji wengi hujichanganya kwenye neno moja: "yaliisha". Kwa Kiswahili cha mtaani neno hilo linabeba mambo manne tofauti, na kila moja lina jibu lake kwenye fomu.

Sura ya kwanza ni ya barazani. Mafia ni kisiwa ambako mwenye duka, mama wa kijana na mwenyekiti wa kijiji wanajuana tangu utotoni. Kijana akishikwa na kitu cha watu, mara nyingi wakubwa hukaa, kitu hurudishwa au hulipwa, kijana huomba radhi na shughuli huishia hapo. Polisi hawakuitwa wala jalada halikufunguliwa. Aliyepita njia hiyo akiulizwa kama aliwahi kukamatwa na polisi, kushtakiwa au kutiwa hatiani, jibu la kweli ni hapana. Lakini asisimamie hapo bila kusoma mpaka mwisho, kwa sababu baadhi ya fomu, ikiwamo ya Uingereza, zina swali la ziada kuhusu jambo lolote linaloweza kutia doa tabia ya mwombaji. Hapo anahitaji ushauri wa mwanasheria, si wa kijiweni.

Sura ya pili ni ya kituoni. Mwenye duka alikwenda polisi, RB ikatoka, kijana akalala mahabusu, asubuhi ndugu wakaja, mlalamikaji akasema amesamehe. Hapa hakuna hukumu, lakini kukamatwa kupo. Fomu inayouliza hukumu tu, jibu ni hapana. Fomu inayouliza kukamatwa, jibu ni ndiyo.

Sura ya tatu ni ya mahakamani bila hukumu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania inairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika baadhi ya makosa yenye sura ya ugomvi wa watu binafsi, na upande wa mashtaka nao unaweza kuiondoa kesi. Kijana anatoka akiwa huru na watu wanampongeza. Hata hivyo alishtakiwa, na neno "kushtakiwa" likiwamo kwenye swali, linamhusu.

Sura ya nne ndiyo inayowapoteza wengi. Kijana alikiri kosa Mahakama ya Mwanzo, akalipa faini au akaachiwa kwa sharti la kutorudia. Kwa kuwa hakulala jela hata usiku mmoja, nyumbani wanasema "hakufungwa huyu, alisamehewa". Kisheria alitiwa hatiani. Faini ni adhabu, na kuachiwa kwa masharti huja baada ya mtu kuonekana ana hatia.

Kisiwani kuna na jambo la tano ambalo halina uhusiano na duka. Tangu mwaka 1995 sehemu kubwa ya bahari ya kusini mwa Mafia ni Hifadhi ya Bahari, na vijana wengi wanaopiga mpira jioni asubuhi wako baharini. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaruhusu baadhi ya makosa kufifilishwa, yaani mtu anakiri, analipa na kesi haiendi mahakamani. Aliyewahi kukamatwa na nyavu zilizopigwa marufuku akalipa hivyo, hilo nalo ni adhabu. Wengi hawalifikirii kabisa wanapojaza fomu kwa sababu hawalioni kuwa "jinai". Ofisa wa viza analiona.

Umri pia una uzito wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, ikaanzisha Mahakama ya Watoto na kukataza mtoto kuhukumiwa kifungo. Straika wa mfano wetu alikuwa na miaka 16. Hilo halifuti kilichotokea, lakini ni hoja nzito ya kuiweka kwenye maelezo.

KILA NCHI NA REFA WAKE

Kama marefa wa soka, nchi hutofautiana katika kupuliza filimbi. Sheria za uhamiaji za Uingereza zinamtaka ofisa amkatalie mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Hukumu iliyo chini ya hapo, au adhabu isiyo ya kifungo, inampa ofisa hiari: anaweza kukataa, anaweza kukubali, akitazama kosa lilikuwa nini, lini na mtu ameishi vipi tangu siku hiyo. Njumu zilizolipwa na mjomba ziko mbali na miezi 12.

Marekani huuhesabu wizi kuwa kosa linalogusa uadilifu wa mtu, na kosa la aina hiyo linaweza kumzuia mwombaji. Lakini sheria yao ina milango miwili ya wazi. Wa kwanza ni wa kosa moja tu dogo, ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja na mhusika hakuhukumiwa zaidi ya miezi sita. Wa pili ni wa kosa moja lililotendwa kabla ya kutimiza miaka 18, ikiwa zaidi ya miaka mitano imepita kabla ya kuomba viza. Mtu anayeficha kosa anajinyima mwenyewe milango hiyo, maana hawezi kuomba nafuu ya kitu anachodai hakikutokea.

Afrika Kusini, ambako Watanzania kadhaa wamecheza, hudai cheti cha polisi kwa mwombaji wa viza ya kazi. Kwa Mtanzania hicho ni cheti cha tabia njema kinachotolewa na Jeshi la Polisi baada ya alama za vidole kukaguliwa. Hapa kuna mtego. Mchezaji anapata cheti kisicho na doa, anafurahi, kisha kwenye fomu anaandika hapana kila mahali. Cheti na fomu ni vitu viwili. Cheti kinasema polisi wameona nini kwenye kumbukumbu zao. Fomu inamuuliza yeye anajua nini kuhusu maisha yake.

'NANI ATAJUA?'

Zamani huenda swali hilo lilikuwa na mashiko. Leo mwombaji wa viza anaweka vidole kwenye mashine. Uingereza, Marekani, Canada, Australia na New Zealand hubadilishana taarifa za uhamiaji, zikiwamo alama za vidole. Aliyeandika "ndiyo" Canada mwaka huu na "hapana" Uingereza baada ya miaka mitatu ameacha ushahidi dhidi yake kwa mkono wake.

Soka nalo lina macho yake. Mchezaji wa Ligi Kuu anaandikwa magazetini na kurushwa redioni, na ugomvi wake wa ujana huja kusimuliwa na walewale waliokuwa wakimshangilia. Mafia ndiyo kabisa. Kilindoni jambo likitokea sokoni asubuhi, mchana limeshafika Bweni. Siri inayojulikana na kisiwa kizima si siri.

Kisha kuna suala la nani ameijaza fomu. Wachezaji wengi humwachia wakala au mtu wa klabu, wao wanatia saini tu. Nyota wa tenisi Novak Djokovic alilionja hilo Januari 2022 alipoingia Australia. Fomu yake ya safari ilikuwa na jibu lisilo sahihi kuhusu alikosafiri siku 14 kabla ya hapo, na akaeleza kwamba lilikuwa kosa la kibinadamu la wakala wake. Viza yake haikufutwa kwa sababu ya kisanduku hicho. Mgogoro wake mkubwa ulihusu chanjo ya Uviko-19. Lakini katikati ya vita ile, mchezaji tajiri mwenye mawakili wazuri alilazimika kueleza kosa la mtu mwingine kwa jina lake mwenyewe. Anayetia saini ndiye anayejibu.

Tangu Oktoba 2023 Fifa inataka mawakala wa wachezaji wawe na leseni inayopatikana kwa mtihani. Leseni hiyo inahusu mikataba ya soka. Haimfanyi wakala kuwa mwanasheria wa uhamiaji, na anayesema "niachie mimi, hayo tunayapita" anacheza na maisha ya mtu mwingine.

MIAKA 10 NI MAISHA YOTE YA SOKA

Hesabu yenyewe inatisha ikiwekwa kwa lugha ya mpira. Uingereza ikibaini udanganyifu kwenye maombi, inaweza kumfungia mwombaji hadi miaka 10. Canada, mwenye kutoa taarifa za uongo anafungiwa miaka mitano. Australia ni miaka mitatu. Marekani, aliyedanganya jambo lenye uzito ili apate viza anaweza kuzuiwa maisha, hadi aombe na kupewa msamaha maalumu.

Kijana wa miaka 21 akifungiwa miaka 10, adhabu inaisha akiwa na 31. Kwa straika anayeishi kwa kasi, hiyo ni kazi yote. Kosa la awali lilikuwa njumu ambazo zimeshalipwa na kusamehewa. Kosa la pili, la kuandika neno moja, ndilo linalokula miaka. Ni sawa na beki aliyecheza rafu ya kawaida katikati ya uwanja, ambayo refa angetoa mpira wa adhabu tu, lakini yeye akaamua kumdanganya refa na kumvuruga hadi akalimwa nyekundu.

Watanzania wamekwishaona jinsi dili moja linavyoweza kubadilisha historia. Nizar Khalfan, kijana wa Mtwara, alifika Vancouver Whitecaps ya Canada mwaka 2009 na baadaye akacheza Ligi Kuu ya Marekani. Mbwana Samatta alitangazwa Aston Villa Januari 20, 2020 akitokea Genk, akacheza mechi yake ya kwanza Januari 28 dhidi ya Leicester City, na Februari 1 akafunga ugenini kwa Bournemouth, Mtanzania wa kwanza kufunga bao Ligi Kuu England. Mwezi mmoja baadaye alifunga fainali ya Kombe la Carabao dhidi ya Manchester City. Mashabiki wanayakumbuka mabao. Kila bao la namna hiyo lina makaratasi nyuma yake yaliyojazwa sawasawa na kwa wakati.

NAMNA YA KUSEMA UKWELI

Kusema ukweli kwenye fomu kuna ufundi wake, na hakuna maana ya kumwaga kila kitu. Hatua ya kwanza ni kusoma swali neno kwa neno, ikibidi kwa msaada wa mtu anayejua Kiingereza vizuri. Swali la hukumu lijibiwe kama la hukumu. Swali la kukamatwa lijibiwe kama la kukamatwa. Aliyesulubiwa na wazee tu hana sababu ya kujiandikia hukumu ambayo haikuwahi kutolewa.

Hatua ya pili ni nyaraka. Kama kesi ilifika mahakamani, nakala ya hukumu au ya amri ya kuiondoa kesi iombwe huko ilikosikilizwa. Kama ilipigwa faini, stakabadhi itafutwe. Mwenendo wa Mahakama ya Mwanzo huandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo nakala itahitaji tafsiri rasmi kabla ya kwenda ubalozini. Kazi hiyo haifanyiki ndani ya siku mbili, hasa kwa mtu anayetegemea boti na hali ya bahari. Ndiyo maana haifai kusubiri dirisha lifunguliwe.

Hatua ya tatu ni maelezo mafupi. Tarehe, mahali, kitu gani kilichukuliwa, thamani yake, umri wa mhusika wakati huo, namna suala lilivyoisha, na maisha yake tangu siku ile. Sentensi sita au saba zinatosha. Maneno ya "shetani alinipitia" hayamsaidii ofisa. Wala kumlaumu mwenye duka hakusaidii. Kinachosaidia ni barua ya klabu, ya kocha au ya shule inayoonyesha kijana ameishi bila tatizo jingine.

Hatua ya nne ni kufanana. Anachoandika kwenye fomu, anachosema kwenye usaili na alichoiambia klabu viwe kitu kimoja. Maombi mengi huharibika pale hadithi mbili zinapokutana mezani pa ofisa mmoja.

KLABU IJUE LINI?

Hapa kuna kanuni ya Fifa ambayo wachezaji wengi hawaijui. Kifungu cha 18 cha Kanuni za Hadhi na Uhamisho wa Wachezaji kinasema uhalali wa mkataba hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Kwa lugha nyepesi, klabu inatakiwa imalize uchunguzi wake kabla ya kusaini, isije ikamtupa mchezaji baadaye kwa kisingizio cha viza.

Kanuni hiyo inamlinda mchezaji, na inaifanya klabu iulize maswali mapema. Wakati huo ndio wa kusema. Klabu iliyoambiwa kabla ya kusaini ina muda wa kumtafuta mwanasheria, kupanga nyaraka na hata kusogeza tarehe. Klabu iliyokuja kugundua baada ya viza kukataliwa kwa udanganyifu imepoteza mchezaji, nafasi ya mgeni na imani, na mchezaji mwenyewe ndiye anayebeba lawama.

Ukweli una gharama pia, na si haki kulificha hilo. Maombi yenye "ndiyo" yanaweza kuchukua muda mrefu. Ofisa anaweza kuitumia hiari yake vibaya kwa mwombaji. Klabu ndogo isiyo na subira inaweza kumgeukia straika mwingine asiye na maelezo ya kutoa. Kuna kijana atakayesema ukweli na bado akakosa dirisha la Januari. Lakini huyo atakuwa na dirisha la Julai, na la mwaka unaofuata, kwa sababu jina lake bado ni safi kwenye mfumo. Aliyefungiwa miaka 10 hana dirisha lolote.

Wazee wa Mafia nao wana nafasi yao katika hili. Sulhu wanayoifanya barazani ni jambo jema na imewaokoa vijana wengi wasiharibikiwe kwa kosa la siku moja. Kasoro yake ni kwamba huishia mdomoni. Mwenye duka akisema "nimesamehe", basi. Karatasi moja yenye tarehe, kiasi kilicholipwa, sahihi ya mwenye mali na ya mwenyekiti wa kijiji ingegharimu dakika kumi, na siku kijana akiulizwa ubalozini ingekuwa shahidi wake wa kwanza. Kilichoisha kwa heshima kinaweza kuelezwa kwa heshima, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuiona Kilindoni.

Kwa straika wa miaka 21 mwenye kalamu mkononi, basi, kazi ya leo si kubuni jibu. Ni kulisoma swali, kuitafuta karatasi, kumpigia mjomba kumuuliza kama polisi waliitwa siku ile au hawakuitwa, na kumwambia wakala kabla hajasaini chochote.